Kiraka Hakikufika Maswa

Desemba 2021, nikiwa nimetoka kumaliza mtihani wa kidato cha nne, mjomba wangu mwenye stesheneri pale Maswa mjini alilalamika kwamba bando lake linaisha kabla ya wiki. Nikakaa kwenye kompyuta zake tatu, nikapekua, nikakuta Chrome inajisasisha yenyewe kila mara. Nikaizima huduma ya kusasisha kwenye mashine zote. Bando likatulia, mjomba akaninunulia soda, na mimi nikajiona fundi.

Julai 2025 nilirudi likizo baada ya kumaliza mwaka wa kwanza. Wanachuo wenzangu mnajua Julai ilivyo: matokeo ya kidato cha sita, maombi ya vyuo, dirisha la mikopo. Vijana wanatoka Lalago, Malampaka na Shishiyu na bahasha za vyeti, foleni inafika nje. Namba ya mtihani, cheti cha kuzaliwa, namba ya simu ya mzazi, barua pepe na nywila, vyote vinapita kwenye mashine zilezile tatu. Siku ya tatu akaja binti mmoja wa Lalago, macho mekundu. Barua pepe aliyoifungulia palepale wiki iliyopita ilikuwa imebadilishwa nywila na mtu mwingine, na taarifa zote za maombi yake ya mkopo zinaingia humo.

"Shikamoo baba. Mimi sijaifungua sehemu nyingine, ni hapa tu kwako," alimwambia mjomba.

Tuliirudisha kwa kutumia namba yake ya simu, kazi iliyochukua karibu nusu siku. Alipoondoka nikakagua ile mashine. Nilikuta milango mitatu, yote wazi. Kwanza, nywila za wateja kibao zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya kivinjari, yeyote akikaa pale anazisoma. Pili, kulikuwa na kiendelezi cha kupakua video ambacho hakuna aliyekumbuka kukiweka, na kilikuwa na ruhusa ya kusoma kila tovuti inayofunguliwa. Tatu, kivinjari chenyewe kilikuwa toleo la 96. Wakati huo dunia ilikuwa kwenye 138.

"Si wewe uliyesema hayo masasisho ni ya kula bando tu?" mjomba akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Milango miwili ya kwanza niliifunga ndani ya dakika kumi. Huu wa tatu ndio ulionifanya niandike.

Tumezoea kukiona kivinjari kama dirisha la kuchungulia intaneti. Kiukweli ni karani anayepokea mizigo kutoka kwa watu asiowajua na kuifungua: picha, video, fonti, na kodi ya JavaScript inayoendeshwa kwenye mashine yako mwenyewe. Akikosea kufungua mzigo mmoja tu, mgeni yuko ndani.

Chukua Septemba 2023. Picha za WebP, aina ileile inayotumika kwenye stika za WhatsApp, hufunguliwa na maktaba ya programu iitwayo libwebp, ambayo imo ndani ya Chrome, Firefox, Edge, Opera na programu nyingine nyingi. Ilikutwa na tundu lililopewa namba CVE-2023-4863. Kwa mtu wa kwetu nalieleza kwa lumbesa. Mkulima anasema analeta gunia moja la viazi, unamtengea ghalani nafasi ya gunia moja. Anafika gunia lina kilemba juu yake, na karani hapimi, anamwaga tu. Viazi vilivyozidi vinaangukia kwenye fungu la jirani. Ndani ya kompyuta, fungu la jirani ni sehemu ya kumbukumbu iliyoshika vitu vingine, pamoja na maelekezo ya programu ifanye nini baadaye. Mwenye hila hajazi gunia ovyo. Analipanga ili vile vinavyoangukia kwa jirani visomeke kama amri. Mtu hajabonyeza chochote cha ajabu, ameangalia picha tu.

Dawa ilikuwa fupi kuliko ugonjwa: pima kwanza nafasi inayohitajika, ndipo umwage. Apple na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto waliripoti tundu hilo tarehe 6 Septemba. Google walitoa kiraka cha Chrome tarehe 11, Mozilla wakafuata na Firefox tarehe 12. Google wenyewe walisema tayari kulikuwa na watu wanaolitumia. Na msidhani haya ni ya Ulaya tu. Desemba 2021 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba simu za iPhone za wafanyakazi wasiopungua 9 wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, waliokuwa Uganda au wakishughulikia mambo ya Uganda, zilidukuliwa. Pale hakikutumika kivinjari, lakini tundu lilikuwa ndugu wa hili: kosa katika kuchakata picha.

Mwaka 2020 wahandisi wa Chromium walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya matundu yao makubwa ya usalama yanatokana na makosa ya kumbukumbu ya jinsi hii. Sehemu kubwa ya kivinjari imeandikwa kwa C++, lugha inayokuamini kwamba umepima. Mozilla waliilea Rust, ambayo haikuamini, kwa sababu kama hizo. (Mnaosoma kompyuta, mradi wa mwaka wa mwisho huo hapo.)

Sasa hapa ndipo nilipojiona mjinga. Nilidhani kivinjari cha zamani ni kama shati la zamani, limepauka lakini linasitiri. Wapi! Kodi ya Chromium iko wazi, yeyote anaisoma. Kiraka kikitoka, mdukuzi analinganisha kodi ya jana na ya leo, na tofauti inamwonyesha tundu lilikuwa wapi. Hahitaji tena kipaji cha kulitafuta, anahitaji watu ambao hawajasasisha. Wahandisi walifanya kazi kwa siku tano. Mimi niliyazuia masasisho yasifike Maswa kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu.

Nikarudisha huduma ya kusasisha. Ikapanda hadi 109, ikagoma. Mashine zilikuwa na Windows 7, na Chrome 109 ndiyo ya mwisho kwa Windows hiyo. Toleo la 110 la Februari 2023 lilitaka Windows 10. Mashine mbili nikaziwekea Linux Mint, ambayo ni bure, na Firefox inayosasishwa. Ya tatu ilishindikana kwa sababu printa iligoma kabisa kuelewana na Linux, basi tukaikata intaneti ikabaki ya kuchapa tu. Kuhusu bando, Chrome ikiweza hupakua tofauti tu, na sasa mjomba anasasisha usiku, kwa bando la usiku.

Tulichobishana sana ni karatasi. Nilitaka tubandike mlangoni: "Uliyefungulia akaunti hapa, badilisha nywila." Mjomba akasema, "Unataka wote wahamie kwa jirani?" Tulilala bila kuelewana. Asubuhi nikaikuta ameibandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kuliko zangu.

Hapa chuoni shida yetu ni nyingine. Hatuzimi laptopu, tunaifunika tu, tabu sitini ziko wazi, na kiraka kilichokwisha kupakuliwa kinangoja ufunge kivinjari ndipo kifanye kazi. Angalia kona ya juu ya Chrome: alama ya kijani ina maana sasisho limetoka chini ya siku mbili zilizopita, ya chungwa kama siku nne, nyekundu wiki au zaidi. Kwenye Android ingia Play Store usasishe Chrome pamoja na Android System WebView, maana programu nyingi hufungulia kurasa humo. Na kwenye kompyuta ya watu, tumia dirisha la mgeni.

Yule binti wa Lalago alirudi kumalizia maombi yake. Kabla ya kuandika nywila aliniuliza kama hapa pametengenezwa. Nikamfungulia "Kuhusu Firefox", akainama, akasoma namba mwenyewe.