Mashine ya Mashua: Namna ya Kutoa Flaiwili Bila ya Kuiharibu

Mwanachama ambaye shamba lake liko ng'ambo ya hori anajua kwamba karafuu mbichi haingoji. Ikilala rundo ndani ya gunia hupata moto, na rangi yake huharibika. Mashine ya mashua ikikataa kuwaka siku ya mchumo, khasara huanza siku hiyo hiyo. Kwa hivyo somo letu la safari hii si la shamba, bali ni la ile mashine ndogo ya zamani inayopachikwa nyuma ya mashua.

Mara nyingi mashine ya namna hii hukataa kwa sababu haitoi cheche. Cheche hutokana na sumaku, koili na pointi. Vitu hivi vimefichwa na lile gurudumu zito lililo juu ya mashine, ambalo mafundi huliita flaiwili. Basi kwanza toa plagi, iguse kwenye chuma cha mashine mbali na petroli, uvute kamba. Ukiona cheche yenye nguvu, iache flaiwili mahali pake. Tafuta kosa kwingine.

Kwa nini flaiwili hung'ang'ania? Kichwa cha shafti ni chembamba juu na kinene chini, na tundu la flaiwili limechongwa vivyo hivyo. Nati ikikazwa, viwili hivyo hubanana kama kabari. Ukipiga shafti kwa nyundo, kichwa chake hufumuka na nyuzi zake hufa. Ukiingiza bisibisi ukingoni na kuinua upande mmoja, flaiwili huweza kupasuka au shafti ikapinda. Nguvu inayotakiwa ni ya kuvuta kutoka katikati, sawasawa pande zote.

Tuchukue mfano wa Johnson na Evinrude ndogo za miaka ya 1950 na 1960. Flaiwili zake zina matundu matatu yenye nyuzi, yaliyowekwa makusudi kwa kazi hii. Fuata hivi:

1. Funga mashine imara juu ya gogo, nchi kavu. Funga petroli, uache plagi nje.

2. Toa kifuniko na kamba ya kuwashia. Ikiwa kamba inajirudisha yenyewe, usifungue sanduku lake, kwani springi iliyomo hufyatuka na kuumiza.

3. Zuia flaiwili kwa ukanda wa ngozi, ulegeze nati kwa kuizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Usiitoe yote. Ipandishe mpaka iwe sawa na kichwa cha shafti, ili iwepo nafasi chini yake. Italinda nyuzi, na itazuia flaiwili isiruke.

4. Tafuta bamba nene la chuma lenye matundu matatu yanayolingana na yale ya flaiwili, na tundu la nne katikati lenye bolti kubwa. Fundi wa chuma aweza kukutengenezea. Kaza bolti tatu kwa urefu ulio sawa. Ziingie vya kutosha zishike, lakini zisiwe ndefu mno zikatoboa koili zilizo chini.

5. Kaza bolti ya katikati isukume kichwa cha shafti. Ikishakaza sana, igonge kichwani mara moja, kwa kiasi. Utasikia mlio, na flaiwili italegea.

6. Isipolegea, tia mafuta mepesi, ulale nayo mpaka asubuhi, kisha jaribu tena. Usitumie moto: petroli iko karibu, na joto kali hudhoofisha sumaku.

Ukishaitoa, tazama kijifunguo kidogo cha chuma kilicho ubavuni mwa shafti. Kiweke mahali ambapo hakitapotea. Flaiwili iweke juu ya kitambaa safi, mbali na unga wa chuma, kwani sumaku huuvuta. Safisha pointi, uzipime zinapokuwa wazi kabisa. Kwa mashine hizi nafasi yake ni inchi 0.020, yaani kama nusu milimita.

Wakati wa kurudisha, futa shafti na tundu vikauke kabisa. Usitie grisi hapo. Kijifunguo kikae wima katika nafasi yake, na kama kimekatika nusu, kibadilishe. Kisha kaza nati kama kitabu cha mashine kinavyoagiza. Nati iliyolegea huiachia flaiwili icheze, kijifunguo kikakatika, na cheche ikaja si kwa wakati wake. Mashine huweza kuzimika nawe uko katikati ya mkondo.

Ndugu wanachama, Evinrude ilianza kutengeneza mashine zake mwaka 1909, na kazi hiyo ilisimamishwa mwaka 2020. Flaiwili ikipasuka leo, utaitafuta katika mashine mbovu ya mwenzako, na huenda usiipate. Bamba moja la chuma na bolti nne ni gharama ndogo. Wanachama wa bandari moja wanaweza kuchanga, wakawa nalo la shirika, likatumika kwa zamu. Na kazi hii ifanywe kabla ya msimu, karafuu zingali mtini. Haraka haraka haina baraka.