Mtoto amemeza betri ya rimoti

Swali: Daktari, mwanangu wa miaka 2 amemeza betri bapa ya rimoti hapa Kilema. Anacheza tu. Nisubiri itoke chooni?

Jibu: Usisubiri, mama! Ikikwama kwenye umio, umeme wake na mate hutengeneza kemikali kali kama magadi, na ndani ya saa 2 nyama inaungua. Hata betri iliyochoka huunguza.

Ondokeni sasa hivi kwenda hospitali. Kama kuna asali mkononi na anameza vizuri, mpe vijiko 2 vya chai kila dakika 10 njiani, isizidi mara 6. Aliye chini ya mwaka 1 hapewi. Usimtapishe, wala usimpe ndizi eti aisukume.

Mkifika Hospitali ya Kilema, ombeni eksirei ya shingo, kifua na tumbo. Betri huonyesha duara mbili ukingoni, sarafu huonyesha duara moja; wengi huzichanganya. Ikionekana kwenye umio, ombeni rufaa kwenda hospitali ya KCMC papo hapo. Bebeni betri inayofanana nayo, daktari asome namba yake.