Uza mwaridi utakaoishi kwa mteja

Wajasiriamali wenzangu, leo tuzungumze miche ya mawaridi. Mimi nina duka dogo hapa Chake Chake, na miche naiuza kwa status ya WhatsApp. Mteja anavutiwa na ua kwenye picha, lakini anachokilipia ni mti utakaoishi kwake. Ukimfia baada ya mwezi, harudi tena, na Pemba yetu hii habari hazichelewi kufika.

1. CHAGUA MTI MAMA
Mawaridi mengi yanayong'ara mtandaoni yanakuzwa nyanda za juu, mfano Naivasha kule Kenya, karibu mita 1,900 juu ya bahari. Usiku kule kuna baridi. Sisi tuna joto, unyevu na mvua ya kutosha. Kwa hiyo tafuta mwaridi wa zamani uani kwa mtu, usiopigwa dawa na bado unatoa maua. Utazame masika yakimalizika. Kama majani bado ni mengi na hayana madoa meusi, mama ndiye huyo. Muombe mwenyewe ruhusa, na ukiuza mkumbuke.

2. KATA NA UPANDE
Chukua tawi lililomaliza kutoa ua, unene wa penseli. Kata kipande cha inchi 6 hadi 8, chini kidogo ya kifundo. Bakisha majani mawili ya juu tu. Chomeka nusu yake kwenye kiriba chenye mchanga na mboji nusu kwa nusu. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu ila maji yasituame. Subiri wiki 4 hadi 8. Ukiuvuta taratibu ukagoma, mizizi ipo.

3. USIUZE MAPEMA
Majani mapya peke yake yasikudanganye, maana tawi huchipua hata kabla ya mizizi. Ngoja mizizi ionekane kwenye matundu ya chini, kisha uuzoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki mbili.

4. PIGA HESABU YA ILIYOPONA
Mfano, umetumia shilingi 12,000 kwa viriba, samadi na usafiri. Umepanda vipande 30, vimeshika 20. Gawa kwa 20, usigawe kwa 30. Kila mche umekugharimu 600, sio 400, na hapo hujaweka jasho lako wala faida.

5. MTUMIE MTEJA MAELEKEZO HAYA
• Upande penye jua masaa 6 na hewa inayopita.
• Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina. Ukungu wa madoa meusi unashika jani likikaa limelowa masaa 7 hivi, kwa hiyo maji ya jioni juu ya majani ni kuukaribisha.
• Weka samadi iliyooza vizuri, isiguse shina.
• Okota majani yenye madoa yaliyoanguka, yatupe mbali.
• Ua likinyauka likate, mengine yaje.

Usimwambie mteja "huu haufi". Mpigie picha mti mama, umwambie umekaa miaka mingapi na unatunzwa vipi. Picha hiyo inauza kuliko ua zuri la kuokota mtandaoni.

Haya, nani kwao kuna mwaridi wa zamani uani? Tupia picha hapo chini tuuone.