Kanuni ya Mchezo Ni Amana



Baada ya darsa ya Isha hapa Makenke, kaka mmoja aliniuliza: "Akhi, umetoka Nakivale, wazazi wamejinyima usome kompyuta, na wewe unataka kutengeneza magemu? Huo si upuuzi?" Nilinyamaza. Swali lilikuwa la haki, maana mdogo wangu kule kambini humaliza bando la mama kwa gemu la kupigana risasi.

Nilichokosa kumjibu usiku ule ni hiki. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini, alizaliwa familia yake ikiwa njiani kukimbia vita, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda yetu hii. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu akamnunulia kompyuta ya dola 300. Umeme haukuwepo, akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha mwenyewe kuandika programu, akatengeneza gemu akaliita Salaam. Baadaye alifika Washington, akaanzisha kampuni ya Junub Games, na mwaka 2018 akatunukiwa katika The Game Awards.

Lakini tuzo si hoja yangu. Watu hudhani mtunzi wa gemu huchora picha tu. Kazi yake hasa ni kuweka kanuni: mchezaji aruhusiwe nini, apate nini, apoteze nini. Vita ni vilevile, ila kanuni ikisema "ua upate pointi", mchezaji atatafuta wa kuua. Katika Salaam wewe ni mkimbizi. Unakimbia, unahitaji maji, chakula na dawa.

Kisha kuna pesa, na hapa ndipo tunapaswa kuwa macho. Magemu mengi ni ya bure, faida inatoka kwenye makasha: unalipa bila kujua ndani mna nini, labda silaha adimu, labda takataka. Ubelgiji mwaka 2018 iliyahesabu makasha hayo kuwa kamari. Sisi tunayo maisiri, tuliifundishwa madrasa kabla hatujajua kompyuta. Kwa hiyo ukiajiriwa, usiulize mshahara tu, uliza unatoka kwenye kanuni gani. Mayen alipanga kinyume chake: mchezaji akinunua maji ndani ya gemu, pesa imsaidie mkimbizi wa kweli.

Mimi naandika gemu dogo la foleni ya maji Nakivale. Una jerikani mbili, nyuma yako yuko bibi mmoja, na bomba linaanza kukatika. Bado lina kasoro nyingi, picha zake hata mimi zinanichekesha. Mdogo wangu alilijaribu likizoni, akauliza kama akilipa ataruka foleni. Nikamwambia hapana. Akarudi kwenye bunduki zake. Juzi kapiga simu kuomba vocha, na kabla ya kukata akauliza yule bibi huwa anapata maji au la.