Popo wa Pemba, Kima wa Jozani na Begi Lako la Safari

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya Waswahili wa Johannesburg: mwenye duka wa Mayfair, msusi wa Yeoville, mwanafunzi wa Wits, dereva wa malori wa Germiston. Wengi wetu tuna jamaa Unguja, Pemba, Mafia, Lamu au Ngazija. Mizigo inakwenda, mizigo inarudi, na simu hazikatiki. Ndiyo maana wanyama wa visiwani wanatuhusu hata tukiwa huku bara, mbali na bahari.

Kura zilizopigwa Sandton

Septemba 2016, nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikutana hapa kwetu Sandton. Kakakuona wa aina zote waliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza: hakuna tena biashara halali ya kakakuona wa porini kati ya nchi na nchi. Kasuku wa kijivu, yule wa misitu ya Kongo, naye akaingia humo. Taa wakubwa wa jamii ya mobula waliwekwa wakati huo katika Kiambatisho cha Pili, ambako biashara hufanywa kwa kibali tu. Hata mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, alipata kinga ya juu kabisa. Alikuwa akisafirishwa kwenda Ulaya kufugwa ndani ya visanduku vya kioo, na wakamataji walikuwa tayari kukata mkadi mzima ili wamfikie yeye aliyejificha kwenye majani yake.

Kura hizo zilikuwa na maana. Lakini anayeuona mti ukikatwa ni mwanakijiji, si mjumbe wa mkutano. Kisiwani jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mnyama akifukuzwa msituni hana bara la kukimbilia. Hupona pale jirani yake anapoamua apone.

Popo aliyerudi

Pemba ina popo mkubwa asiyepatikana penginepo duniani. Uso wake ni wa mbweha, manyoya yake yana wekundu wa kutu, na mabawa yakikunjuliwa hukaribia mita moja na nusu. Hula maembe, mashelisheli na matunda ya mwituni, na mbegu anazoziangusha njiani huota miti mipya. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo kundi likipigwa bunduki halijazi pengo upesi.

Na lilipigwa kweli. Nyama ya popo ililiwa, misitu ikakatwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walihofia kwamba mnyama huyu anatoweka. Makundi kadhaa yalisalia kwenye miti ya makaburini, mahali ambapo watu huona haya kuingia na shoka. Kuanzia katikati ya muongo huo, shirika la Fauna & Flora International na idara ya misitu ya Zanzibar walifanya kazi na wanavijiji: masomo shuleni, vikundi vya kulinda popo, uangalizi wa miti wanayolala. Kidike ndiko kunakojulikana zaidi. Mgeni hulipa kiingilio, akaonyeshwa popo wakining'inia mchana kutwa. Miaka ya 2000 ilipokuwa ikiisha, hesabu ilifika takriban popo 20,000. Ukuta haukujengwa popote. Watu waliokuwa wakiwawinda ndio waliogeuka walinzi.

Kima na nazi

Unguja kuna kima punju, naye asili yake ni huko. Wakulima wa jirani na msitu wa Jozani walimlalamikia kwa miaka mingi kwamba anamaliza nazi changa. Watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, hawakubisha wala hawakukubali. Walikwenda mashambani kuhesabu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1999 yaliwashangaza wengi: kima walikula vidaka kweli, lakini mavuno ya minazi hayakupungua kwa ajili hiyo. Huenda kupunguza vidaka kuliisaidia minazi kukuza vilivyobaki. Utafiti wa namna hii ndio wenye faida, unaoanza na swali la mkulima mwenyewe.

Kima hao hao huiba mkaa jikoni. Si uhuni: majani ya mwembe na mkungu yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzifyonza. Ukienda Jozani usimpe ndizi; tumbo lake limeumbwa kwa majani.

Barabara inayopita hapo iliwaua wengi hadi matuta yalipowekwa. Na sensa iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha wako zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Habari njema, ingawa kisiwa hakiongezeki na nyumba zinaongezeka.

Nyama ya kasa

Kwa hili mpigie simu shangazi leo. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ya nyama hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na mpishi hana namna ya kuitambua kwa macho. Maziwa ya mama aliyekula yanaweza kumdhuru mtoto. Hapa sheria ya uhifadhi na usalama wa familia vinasema neno moja: kasa asiliwe.

Soko la Faraday

Tusijifanye tatizo liko pwani peke yake. Watafiti waliochunguza soko la dawa za asili la Faraday, hapa mjini, walikuta wanyama wenye uti wa mgongo wa aina zisizopungua 147. Waganga na wateja wao si maadui. Bila kuongea nao hakuna mpango utakaosimama. Ila ukiuliziwa magamba ya kakakuona, au ukiombwa umtafutie mtu kasuku kutoka nyumbani, jibu ni hapana.

Kabla ya kufunga begi

Usibebe bangili au kitana cha ng'amba, hata kama ni cha bibi, bila kupata kwanza vibali vya nchi zote mbili. Vipande vya matumbawe na makombe makubwa ya matumbaweni navyo vinahitaji kibali. Kinyonga au kobe aliye hai usimguse kabisa. Risiti ya muuzaji wa Nungwi au Mji Mkongwe si kibali. Kwa sheria ya bioanuwai ya Afrika Kusini ya mwaka 2004, adhabu inaweza kufika faini ya randi milioni 10, kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Ukiwa na shaka, kiache huko huko.