Msongo wa mawazo na unene kwa kina mama

Tunapozungumzia unene wa kupindukia kwa kina mama, lawama zote huelekezwa kwenye chapati, vitumbua na soda. Ni kweli vyakula hivyo vina mchango, lakini lipo jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni msongo wa mawazo.

Nini hutokea mwilini?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Mtu anapopatwa na hofu au mashaka, ubongo huziamuru tezi hizo kutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Adrenalini huenda mbio na kuongeza mapigo ya moyo. Kotisoli hulifanya ini litengeneze sukari na kuimwaga kwenye damu ili mwili upate nguvu ya kukabili hatari. Hatari ikipita, homoni hushuka na hakuna madhara.

Tatizo ni pale mashaka yasipokwisha: madeni, ugomvi wa nyumbani, kuuguza, kukosa usingizi. Kotisoli ikibaki juu kwa muda mrefu, hamu ya vitu vitamu huongezeka, insulini hushindwa kufanya kazi yake sawasawa, na mafuta hujikusanya tumboni. Isitoshe, seli za mafuta zina kimeng'enya kinachogeuza kotisoni isiyo na nguvu kuwa kotisoli.

Hata hivyo, hii haina maana kwamba kila mama mnene ana kotisoli nyingi. Unene una sababu nyingi, ukiwemo urithi. Kwa hiyo tusimcheke wala kumsimanga. Masimango nayo ni msongo.

Dalili za hatari

Kwa mwanamke asiye mjamzito, kiuno cha sentimita 80 au zaidi ni onyo. Chukua futi kamba ya fundi cherehani ujipime. Kikiambatana na shinikizo la damu la 130/85 au zaidi, na sukari ya 5.6 au zaidi kabla ya kula asubuhi, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huongezeka.

Tahadhari

Wapo wanaomeza vidonge vya deksamethasoni ili wanenepe. Dawa hii hufanya kazi kama kotisoli, tena kwa nguvu zaidi. Huleta uso wa mviringo, kitambi, kisukari na mifupa dhaifu. Aliyeitumia kwa muda mrefu asiache ghafla, kwani tezi zake huwa zimelala. Amuone daktari ampunguzie kidogo kidogo.

Nini kifanyike?

1. Lala saa 7 hadi 9 kila usiku.
2. Tembea haraka haraka dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki.
3. Punguza sukari na vyakula vya kukaanga. Ongeza mboga na kunde.
4. Usikae na jambo moyoni. Mweleze mtu unayemwamini.
5. Pima shinikizo la damu na sukari.

Nanyi kina baba, kumpunguzia mama mzigo wa nyumbani ni sehemu ya tiba.