Dondoo muhimu: Kahawa ya Mbinga, samaki wa Mbamba Bay

Tokyo watu hulipa kiingilio wanywe kahawa huku paka wamejilaza miguuni. Kwetu Ruvuma kahawa iko mlimani, wanyama wako ziwani, na kati yao kuna barabara ya lami inayoteremka.

Anzia Mbinga alfajiri, na uvae sweta. Jaza kabisa kahawa kwenye chupa ya chai. Zao hili huuzwa zaidi nje, hivyo usishangae mgahawa kukuletea chai. Njiani tazama ngoro za Wamatengo, mashimo ya kilimo yanayoshika maji ya mvua yasibebe udongo.

Ukifika Mbamba Bay kando ya ziwa, shuka, utembee ufukweni hadi kwenye miamba. Hapo ndipo penye mbuna, samaki wadogo wa mawe. Chuchumaa, kivuli chako kisiangukie maji, utulie. Watarudi wenyewe, wa buluu, wa manjano, wenye milia, wakikwangua mwani kwenye mawe. Jike aliyevimba kidevu, asiyekula, huenda ana mayai mdomoni. Huyatunza humo mpaka vifaranga waweze kuogelea. Ulaya na Marekani watu huwanunua kuwafuga kwenye matangi ya vioo. Wewe unawaona bure. Usiwatupie mkate.

Mchana miamba huunguza, kwa hiyo kaa kivulini ule ugali kwa usipa, dagaa wa ziwani. Katikati ya mwaka upepo hutibua maji, basi wahi asubuhi. Na kabla hujaingia majini, hasa pale mto unapoingia ziwani, waulize wenyeji kuhusu mamba.